Bei ya Samaki na Mshahara Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa nizungumze habari ya gharama za chakula, nami nimechagua samaki, maana ndiye anayegombanisha watu sokoni. Mama muuzaji aitwa mwizi, samaki wa Uchina aitwa sumu, na mnunuzi arudi nyumbani na sukuma wiki.

Samaki wa Uchina huja wamegandishwa katika katoni za kilo 10, na mara nyingi huuzwa rahisi kuliko ngege wa ziwani. Sababu yake ni nini? Kule ufugaji ni mkubwa mno, na chakula cha samaki hutengenezwa kwa wingi. Hapa Serikali ilichimbisha mabwawa mengi tangu 2009, lakini bwawa bila chakula ni shimo tu. Nusu ya gharama ya mfugaji, na pengine zaidi, huingia katika chakula: soya, mahindi, na omena. Omena, ndugu zangu! Kitoweo cha maskini chasagwa kumlisha ngege ambaye maskini hawezi kumnunua.

Na mbuta je? Minofu yake husafirishwa ng'ambo, sisi twabakiziwa mgongo wazi, kichwa na mifupa, twakaanga na kushukuru.

Wengine wasema samaki wa nje wazuiwe. Hilo lilijaribiwa. Baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulalamikia samaki hao Oktoba 2018, zuio lilitangazwa kuanza Januari 2019. Mapema mwaka ule ule likalegezwa, kwa kuwa samaki wa hapa hawakutosha. Mvuvi na mfugaji wastahili kulindwa, sikatai. Lakini kuwalinda kwa mfuko wa kuli na mpishi peke yao si haki. Ianzwe na bei ya chakula cha samaki.

Tena, mkilinganisha bei, linganisheni sawasawa. Msihesabu samaki mmoja mmoja, pimeni kilo. Wa katoni aweza kuwa na barafu inayoongeza uzani. Wa ziwani ana matumbo na magamba.

Sasa mshahara. Mei 2022 mshahara wa chini uliongezwa asilimia 12. Nyongeza iliyofuata, asilimia 6, ilianza Novemba 2024. Hapo katikati ni miezi 30. Muuza samaki alingoja miezi 30 ndipo apandishe bei?

Tukikaa na mwajiri ataleta hesabu ya bei za nchi nzima. Nasi tuwe na yetu. Kila mjumbe wa tawi aandike bei ya kilo ya ngege, ya samaki wa katoni, na gorogoro ya omena, katika soko analonunua yeye mwenyewe, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ampe Katibu. Asiandike bei ya kusikia.