Mwaka wa Kwanza wa Nyumba ya Bibi

(Mazungumzo ya mwanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Mji Mkongwe, Zanzibar)

 

Kamati imeniomba nizungumze juu ya mkopo wa nyumba, kwa sababu katika miaka yetu kumi hakuna mkopo uliotugombanisha kama huo. Wanachama wapya mnausikia juu juu tu. Basi nitaueleza ulivyokuwa, khasa ule mwaka wa kwanza, 2021, maana ndio uliokuwa mzito.

Nyumba yenyewe wengi wenu mnaijua. Ni nyumba ya mawe, chini na juu, aliyotuachia bibi yetu mzaa mama. Warithi tuko wanne: kaka zangu wawili, dada yangu aliyeolewa Maskati, na mimi ninayeishi humo. Mabati ya juu yalikuwa yametoboka, na kila ikinyesha tulikuwa tukipanga masufuria chumba kizima. Tulikwisha kuzoea.

Ikaja tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, watu wawili wakafariki. Jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na siku ile mafundi walikuwa kazini humo wakilitengeneza. Jamani, ukishasikia hivyo, usiku unalala ukitazama boriti. Wiki ile ile kaka zangu waliitisha kikao cha familia, wakasema tuuze. Mnunuzi alikuwapo, tena mwenye haraka, anataka kufanya nyumba ya wageni. Siwalaumu kaka zangu, walikuwa wanatuogopea mimi na wanangu. Tulivutana mpaka usiku, mwisho tukakubaliana nipewe mwaka mmoja. Ikifika Disemba 2021 na nyumba bado inavuja, inauzwa, na mimi sitotia neno.

Nikaja kikundini. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mnajua sheria zetu. Mwanachama anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake, analipa ndani ya miezi mitatu, na mkopo ni wa biashara, ada za skuli au maradhi. Nyumba haimo. Na sanduku lenyewe wakati ule lilikuwa jepesi. Wageni walikuwa wamepungua kwa ajili ya korona. Wenzetu wanaopaka hina, wanaouza viungo na kanga kwa watalii, walikuwa wanakaa siku nzima hawajauza kitu. Mwanachama mmoja alisimama akasema, "Kuku tunamkopea kwa sababu anataga. Nyumba haitotoa yai." Watu walicheka, lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Pesa ile ilikuwa ya mtu anayejinyima vitumbua vyake mwenyewe ili anunue hisa moja.

Tulijadiliana mikutano mitatu. Uamuzi uliopita, na ndio uliomo hadi leo katika kitabu chetu cha sheria, ulikuwa huu: mkopo wa nyumba utatoka vipande vipande, kipande cha pili hakitoki mpaka cha kwanza kimelipwa, na kabla ya kila kipande wanachama wawili wataingia ndani waone kazi kwa macho yao. Mimi nilipewa Sh. 900,000 za kwanza mwishoni mwa Januari. Dada wa Maskati akaongeza, na kaka mmoja, ingawa alitaka kuuza, akalipia mbao.

Sasa niwaeleze pesa ilikokwenda, kwa sababu wengi mlikuwa mnapita njiani mnasema, "Mbona hatuoni kitu?"

Ilikwenda juu, kwenye mabati, misumari na mifereji. Fundi tuliyemfuata ni mzee aliyekulia kwenye kazi ya chokaa, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nyumba ya mawe haifi kwa uzee, inakufa kwa maji. Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ni nene, zaidi ya nusu mita. Maji yakiingia kwa juu yanashuka ndani ya ukuta, udongo unalainika, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani zinaoza, nawe huzioni. Unaona boriti nzima katikati ya chumba, kumbe mwisho wake ni unga. Tulipogonga, saba zilikuwa hivyo. Tukazitegemeza kwa miti ya mivinje, moja moja, tukatia mpya. Zilizobaki nzima mzee akakataa zisiguswe. (Hizo boriti, mnajua, ni mikoko, na mti wake ni mfupi; ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Wageni huuliza sana.)

Fundi wa mwanzo kabla ya huyu alinipa bei ndogo. Alitaka kupiga saruji nyumba nzima, wiki tatu amemaliza. Nilimkatalia, na sababu nilikuwa nayo mbele ya macho. Vyumba vya chini vilikuwa vimepigwa saruji miaka mingi nyuma, na huko ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kwengine. Saruji ni ngumu, haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi yake, unakosa pa kutokea, unabaki nyuma unakula jiwe, mwisho saruji yenyewe inabanduka vipande vikubwa kama gamba. Chokaa inauacha unyevu utoke. Isitoshe, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi kama hii ina kibali chake. Kibali nilikitafuta, nikakipata, nikaufuata.

Masika ilipoanza paa lilikuwa tayari. Ramadhani ya mwaka ule iliingia katikati ya Aprili, mvua juu yake. Usiku mmoja, baada ya daku, mvua ilishuka ile ya kuzuia hata adhana isisikike. Nilipanda juu na taa, nikapapasa kuta zote nne kwa kiganja. Kavu. Sikuamsha mtu, niliteremka nikasali.

Wanachama wawili walikuja mwezi wa Juni kukagua, mmoja wao ni yule yule wa kuku na yai. Deni la kwanza nilikuwa nimelimaliza kwa mkate wa kumimina na maandazi, na kuna wiki tulikula muhogo mtupu, sifichi. Walikuta nyumba imezidi kuwa mbaya! Tulikuwa tunabandua saruji ya chini yote, mawe yako uchi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Yule mwenzetu alizunguka, akapanda juu, akatazama boriti mpya, akatazama mifereji. Akauliza tu, "Mbona hampigi lipu?" Mzee akamjibu kwamba ukuta ulionyweshwa maji miaka ishirini haukauki kwa wiki mbili. Akaondoka kimya. Nilijua mkopo wangu umekufa. Jumamosi yake mkutanoni aliripoti hivi: nyumba ni mbaya kwa kutazama, lakini fedha zimo ndani yake. Mkopo wa pili ukatoka.

Kipupwe chote tuliacha milango wazi, upepo wa kusi ukapita. Wakati kuta zinakauka, tulinunua chokaa kutoka shamba, kule wanakochoma mawe ya matumbawe kwa magogo, tukaitia maji ndani ya mapipa uani. Inachemka kama uji! Watoto tuliwaweka mbali. Kisha inafunikwa maji na kuachwa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini. Mwezi wa Septemba tukaanza kupiga, tabaka jembamba, likae, linyunyizwe maji, ndipo jengine. Ukiharakisha inapasuka. Hapa niseme wazi: kazi hii na mkopo wa vipande vilichukuana. Ningepewa fedha zote Januari, mafundi wangezimaliza Machi na kuta zikiwa bado mbichi.

Mwezi wa Oktoba chumba cha mbele kilikuwa kimekauka, nikakipangisha kwa fundi cherehani. Kodi yake ndiyo iliyolipa mkopo wa tatu, ule wa ngazi. Siku aliponipa kodi ya kwanza nilimpelekea mwenzetu mayai sita. Aliyapokea.

Kaka zangu walikuja Disemba, baada ya vuli, kama tulivyokubaliana. Mkubwa alivua viatu akapanda ngazi, akagonga boriti moja moja kama fundi. Juu hakukuwa na rangi, dirisha moja limezibwa kwa ubao, na choo kilikuwa bado. Akauliza mvua ya mwezi uliopita iliingilia wapi. Nikamwambia haikuingia. Alikaa kwenye baraza muda mrefu, kisha akampigia simu yule mnunuzi mbele yangu.

Tangu hapo wanachama watano wamechukua mkopo kwa sheria ile ile, na Mweka Hazina atawaeleza hesabu zake, mimi si mahali pangu. Nyumba bado haijesha. Mapipa ya chokaa yako uani, nimeyafunika maji, na mzee anasema bado ni nzuri. Mwenye ukuta wa mawe unaomomonyoka aje na ndoo yake, ila asije Ijumaa asubuhi, nakuwa jikoni.