Simu, Mtoto na Ngazi za Sauti

Kwanza namwomba mwalimu wa kila darasa aandike ubaoni maneno matatu: SIKIA, RUDIA, PAMOJA. Someni kwa sauti. Vema. Maneno hayo matatu ndiyo mlango wa somo la leo.

Leo tutazungumza juu ya watoto wetu na muziki. Siku hizi mtoto aweza kujifunza kuimba au kupiga kinanda kwa simu au kwa kompyuta. Je, jambo hili ni jema? Lina faida gani, na lina upungufu gani?

Labda mmoja wenu atauliza, “Mimi nimekuja kujifunza kusoma na kuandika. Muziki wa watoto wanihusu nini?” Wakuhusu sana, ndugu yangu. Simu anayoishika mtoto ni yako. Bando umenunua wewe. Na nyimbo alizokuimbia mama yako zimo kichwani mwako, si katika simu. Twende polepole, mtaona.

Zamani watoto walijifunzaje muziki? Walijifunza kwa sikio. Mtoto alikaa karibu na mpiga ngoma, akasikia, akarudia kwa kupiga debe au ubao. Akikosea, mkubwa alimtazama tu, naye akajua amekosea. Katika makanisa na shule nyingi waliimba kwa do, re, mi. Huko Unguja, vijana walikaa karibu na wapigaji wa udi, fidla na kanuni katika vyama vya taarab kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905.

Tena mashine ya muziki si mgeni kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay, akaimba nyimbo zake zikatiwa katika santuri. Watu wasiomwona hata siku moja wakajifunza nyimbo zake kwa gramafoni. Kwa hiyo tusiseme kwamba mashine imeanza leo kufundisha muziki. Tuseme hivi: mashine ya leo ni ya namna nyingine. Namna gani?

Santuri ilikuwa na mfereji mwembamba sana uliozunguka. Sindano ilipopita katika mfereji huo ilitikisika, na mtikisiko huo ukawa sauti. Kila sindano ilipopita, mfereji ulilika kidogo, na mwisho santuri ikakwaruza. Mashine ya leo haina mfereji wala sindano. Hupima sauti, kisha huandika kipimo hicho kwa tarakimu. Neno “kidijiti” maana yake ni hiyo: jambo lililowekwa kwa tarakimu. Sahani za muziki za kidijiti, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, huwa na vipimo 44,100 kwa kila sekunde moja. Fikirini: ukisema “moja” tu, mashine imekwisha andika maelfu kwa maelfu ya tarakimu.

Kwa nini nawaambia hesabu hizi? Kwa sababu faida zote za mwanafunzi hutoka hapo. Nitazitaja tatu.

Faida ya kwanza: tarakimu haziliki. Ukinakili 5 ikawa 5, hakuna kilichopungua. Mtoto aweza kurudia wimbo mara mia, na mara ya mia ni safi kama mara ya kwanza. Mwalimu wa kweli huchoka, na pengine hukasirika, simu haichoki.

Faida ya pili, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kupunguza mwendo. Wazee mnakumbuka: santuri ikienda polepole, sauti ya msichana iligeuka kuwa nzito kama ya mzee. Mwendo na sauti vilishuka pamoja. Lakini tarakimu zaweza kupangwa upya. Programu ya simu hupunguza mwendo hata nusu, na sauti hubaki pale pale ilipokuwa. Mtoto anayetaka kujua vidole vya mpiga gitaa hodari vinakwenda wapi, aweza kuukata wimbo vipande vidogo, akasikia kila kipande polepole. Jambo hili hapo zamani lilitaka mwalimu mwenye subira na nafasi nyingi.

Faida ya tatu: kazi ya kwaya hugawanywa. Mwalimu wa kwaya huimba sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja peke yake, akazituma kwa simu. Mtoto wa sauti ya pili hujifunza sehemu yake nyumbani. Wakikutana, hawaanzi tena kwa kutafuta sauti, huanza kuimba.

Basi hapo tumepata maneno mawili ya ubaoni: SIKIA na RUDIA. Katika hayo simu ni msaidizi mwema kweli kweli. Sasa tutazame upungufu wake, maana kila chombo kina mpaka wake. Jembe hulima, lakini haliteki maji.

Zipo programu zinazomsikiliza mtoto anapoimba, kisha zikampa alama. Akipatia, huonekana rangi ya kijani, akikosea, nyekundu. Watoto huzipenda kama mchezo. Lakini tuulize: simu inajuaje kwamba mtoto amekosea? Inapima kwa kipimo gani?

Hapa nataka msikilize kwa makini. Sauti ni mtikisiko. Uzi ukitikisika mara 440 kwa sekunde, wapiga muziki wengi duniani huita sauti hiyo “la”. Ukitikisika mara 880, ni “la” ile ile, ila ni ya juu. Kati ya “la” hizi mbili ipo nafasi, kama nafasi iliyo kati ya sakafu ya chini na ghorofa. Ili kupanda hutaka ngazi. Kinanda kimeigawa nafasi hiyo katika hatua 12 zilizo sawasawa. Simu nyingi na programu nyingi hupima kwa ngazi hiyo ya kinanda.

Lakini je, watu wote wa dunia hupanda kwa ngazi hiyo? Hapana. Katika taarab ya zamani, iliyopokea mengi kutoka Misri na Uarabuni, ziko namna za kupanga sauti ziitwazo maqam. Moja huitwa Rasti. Katika Rasti, sauti ya tatu haikai juu ya kitufe cho chote cha kinanda cha kawaida. Hukaa katikati ya vitufe viwili. Mpiga udi huipata kwa urahisi, kwa sababu shingo ya udi haina vizuizi. Kidole huteleza mpaka mahali pake.

Twende sasa bara, Dodoma. Wagogo wana ilimba na zeze, na uimbaji wao umesifiwa mbali. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Wataalamu waliouchunguza muziki wa Wagogo waliona kwamba sauti zake hufuata sauti za asili zinazotoka katika uzi mmoja unapotikisika. Moja ya sauti hizo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu thuluthi ya hatua moja.

Haya, mtoto wa Kigogo aimbe wimbo wa bibi yake mbele ya simu. Ameimba sawasawa kabisa, kama bibi alivyoimba. Simu yamwonyesha rangi nyekundu: umekosea! Mtoto atafanya nini? Atajisahihisha. Kesho ataimba kama kinanda, nayo simu itamsifu. Na baada ya miaka michache sikio lake halitaisikia tena ile sauti ya bibi, au ataisikia na kudhani kwamba bibi ndiye aliyekosea.

Hilo, ndugu zangu, ndilo jambo zito la somo hili. Simu haikusema uwongo kwa makusudi. Ilipima kwa rula iliyopewa. Lakini asiyejua kwamba rula ni nyingi, ataitupa nguo nzuri kwa kuwa haikulingana na rula moja. Mafundi wamekwisha kutengeneza vinanda vya umeme na programu zinazoweza kuwekwa sauti za katikati. Lakini atakayeziweka hapo ni nani? Ni mtu anayezijua kwanza kwa sikio lake.

Upungufu wa pili ni wa neno la tatu: PAMOJA. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule katika nchi nyingi, walimu wa muziki walijaribu kufundisha kwa simu na kompyuta. Mwalimu na mtoto mmoja waliweza, zamu kwa zamu. Lakini walipotaka kuimba wote kwa wakati mmoja, wimbo ulivunjika. Kwa nini? Kwa sababu sauti huchelewa njiani. Katika hewa, sauti huenda kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Waimbaji wawili waliosimama meta 10 mbali husikiana baada ya sehemu 3 hivi za sekunde iliyogawanywa mia. Uchelewaji ukizidi kiasi hicho, wapigaji huanza kuvutana. Na katika simu mara nyingi uchelewaji huwa mkubwa kuliko huo. Mmoja asema “ti”, mwenziwe yuko bado kwenye “ta”.

Sasa fikirini ngoma zetu. Mmoja huongoza, wengi huitikia. Anayeitikia humtazama kiongozi machoni, huona bega lake linavyoinuka, hujua kwamba sasa anavuta pumzi. Kungojana huko, na kupokezana huko, ndiko nusu ya muziki wetu. Mtoto aliyejifunza na simu peke yake aweza kuwa na vidole vyepesi sana, lakini akiingia kati ya wenziwe hajui kungoja. Amezoea mwenzi asiyechoka, asiyekohoa, wala asiyebadili mwendo kwa furaha.

Basi tufanye nini? Je, tumnyang'anye mtoto simu? La, hasha. Tumpe simu, lakini tusimpe simu peke yake. Sikilizeni habari hii.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya, Uganda na Tanganyika na mashine yake, akirekodi waimbaji vijijini. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika ya Kusini. Pamoja na kila wimbo aliandika kabila, mahali, ala iliyopigwa, na majina alipoyapata. Miaka mingi baadaye sauti hizo zilitiwa katika tarakimu. Mwaka 2014 nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis wa Kenya, na baadhi ya watu waliorekodiwa walikuwa hai bado. Wazee wakasikia ujana wao.

Angalieni vizuri. Nakala ya kidijiti ilifanya iwe rahisi kuzirudisha sauti hizo. Lakini nani angejua zirudishwe wapi, kama hakuna aliyeandika? Mashine iliweka sauti. Kalamu iliweka mahali na watu. Na kalamu, ndugu zangu, ndiyo kazi mnayojifunza nyinyi katika darasa hili.

Kwa hiyo nawapa kazi tatu za juma hili.

Kazi ya kwanza. Mtafute mzee mmoja, bibi au babu, shangazi au jirani. Mwombe kwa adabu akuimbie wimbo mmoja wa watoto: wa kubembeleza, wa mchezo, au wa mbalamwezi. Ukiwa na ruhusa yake, urekodi kwa simu. Kisha andika katika daftari: jina la mwimbaji, mahali, tarehe, na wimbo wenyewe neno kwa neno. Usijali mwandiko, mwandiko utanyooka.

Kazi ya pili. Mpe mtoto simu hiyo. Asikie, arudie, kipande kwa kipande. Wimbo huo usipimwe kwa rangi nyekundu wala kijani. Kipimo chake ni sikio la yule mzee. Na akitumia spika za masikioni, sauti isipite asilimia 60 ya nguvu ya simu, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani, maana sikio likiharibika hakuna programu ya kulirudisha.

Kazi ya tatu. Jioni moja zimeni simu. Mzee, wewe na mtoto mwimbe wimbo huo pamoja, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Mtoto akikosea, msimcheke. Mzee atamtazama tu, naye atajua.

Mwalimu, waulize sasa wanafunzi maswali haya, wajibu kwa maneno yao wenyewe. Kwa nini nakala ya kidijiti hailiki kama santuri? Mtoto wa Kigogo aliambiwa amekosea; je, alikosea kweli? Na nyumbani kwenu, ni wimbo gani ambao mtu mmoja tu bado anaujua?

Swali la mwisho msilijibu darasani tu. Nendeni kwa mtu huyo mapema, na daftari mkononi. Kwaherini, mpaka somo lijalo.