Kuondoa Mashine Si Kumwacha Mtoto

Somo letu ni Marko 10:13–16, Bwana Yesu alipowakumbatia watoto wadogo na kuwabariki.

Mimba hutimia kwa wiki 40 hivi. Mtoto azaliwaye kabla ya wiki 28, mapafu yake hayajakomaa, na mishipa ya damu kichwani mwake hupasuka kwa urahisi. Hospitali zenye vifaa humpumulisha kwa mashine na kumlisha kwa mrija. Wengine hupona wakakua vema. Wengine huishi na ulemavu. Wengine hufa baada ya kuteseka sana. Siku ya kwanza daktari hawezi kusema huyu atakuwa yupi. Je, mashine iendelee?

Huko Uingereza, mwaka 2006, Baraza la Nuffield la maadili ya tiba lilishauri hivi: mtoto wa chini ya wiki 22 asitiwe kwenye mashine, wa wiki 23, wazazi wasikilizwe kwanza, wa wiki 25 na zaidi atibiwe. Kumwua mtoto kwa makusudi, Baraza lilikataa. Kanisa la Kianglikana la huko nalo lilikubali kwamba mara nyingine yafaa kuacha matibabu, hata kama kifo kitafuata. Mwaka 2019 madaktari wa nchi hiyo waliongeza kwamba wiki peke yake hazitoshi. Kila mtoto atazamwe kwa hali yake.

Sisi wachungaji huulizwa, "Je, huko si kuua?" Hapana. Kuondoa mashine isiyoponya tena, inayoongeza mateso tu, ni kukiri kwamba uhai u mkononi mwa Mungu. Lakini isiondolewe kwa kuwa mtoto mlemavu ni aibu machoni pa watu. Hiyo ni dhambi.

Tena, kuondoa mashine si kumwacha mtoto. Apewe dawa ya maumivu, afunikwe, abatizwe, aitwe kwa jina lake, na mama ampakate mpaka mwisho. Bwana Yesu hakuuliza wale watoto wataishi siku ngapi ndipo awakumbatie.

Nasi washiriki, tusinong'one juu ya wazazi hao. Aliyeleta nyumbani mtoto mlemavu, tumsaidie kulea. Aliyerudi mikono mitupu, tusimwambie angaliomba zaidi. Tuketi naye, tulie naye.

Tuombe. Ee Baba, uwape wazazi na madaktari hekima saa ya uamuzi, nasi utupe upendo baada yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.