Bando la Kazi Alipe Nani?

Msikilizaji, fungua simu yako utazame makundi ya WhatsApp uliyomo. Liko la familia, liko la kikoba, liko la harusi ya binti wa jirani, ambayo imeshapita na watu hawajatoka. Halafu liko moja, pengine mawili, ya kazini. Leo nataka tuzungumze juu ya hayo ya kazini.

Faida za simu janja hazihitaji wakili. Mfanyabiashara wa vitenge pale Kariakoo mzigo ukimfikia anaupiga picha, anaweka stetasi, mteja aliyeko Mbeya anachagua rangi na kutuma pesa, na jioni kifurushi kinapakiwa kwenye basi stendi ya Magufuli, Mbezi. Zamani mteja huyo angesafiri mwenyewe, alale gesti, azunguke na jua la Dar es Salaam kutwa nzima. Kutuma pesa kulikuwepo kabla: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu mwaka 2008, tena kwa kitochi. Simu janja iliongeza picha, ramani na kundi. Picha ikampa muuzaji duka lisilo na kodi ya pango. Ramani ikampa dereva abiria asiyemjua. Na kundi likampa mwajiri uwezo wa kumfikia mfanyakazi popote alipo, saa yoyote, bila kulipa hata shilingi.

Hapo kwenye kundi ndipo penye hoja yangu.

Mtazame afisa mauzo wa kampuni ya vinywaji. Asubuhi anatuma picha ya duka la kwanza alilolitembelea, na mahali alipo paonekane kwenye ramani. Mchana anapiga picha rafu. Jioni anajaza ripoti kwenye programu ya kampuni, kisha saa tatu usiku kuna kikao cha video kilichoitishwa ghafla. Mlinzi naye anatakiwa ajipige picha akiwa lindoni. Mwalimu wa shule binafsi anajibu maswali ya wazazi kuhusu kazi za nyumbani huku chakula chake kikipoa. Wote hao simu ni yao, bando ni lao, na simu ikianguka ikapasuka kioo, hasara ni yao. Wapo walioichukua simu yenyewe kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na wakichelewesha rejesho inafungwa, wasiweze hata kuiambia ofisi kwamba imefungwa.

Kampuni hiyo hiyo inanunua karatasi, wino wa printa na mafuta ya gari la meneja. Hakuna anayemwambia mhasibu aje na kompyuta yake kutoka nyumbani. Lakini chombo kinachobeba nusu ya kazi za siku kimeachwa kwenye mfuko wa mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Kwa madereva wa teksi mtandao mambo ni yale yale. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni inamkata dereva, Uber ikasimamisha huduma mwezi Aprili, ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Ulikuwa mvutano mkubwa, na ulihusu mgawo wa nauli. Ila kamisheni iwe 15 au 25, bando, chaji na simu ya kupokelea oda vinabaki juu ya dereva. Naye hana mkataba wa ajira wa kumtetea.

Aliyeajiriwa anao, na sheria anayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Muda wa ziada unalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Na kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho, kwa kawaida mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo.

Sasa tupige hesabu. Bosi ameuliza takwimu kwenye kundi saa nne usiku, umezitafuta, umezituma. Kesho saa mbili asubuhi uko mezani kwako. Kutoka saa nne usiku mpaka saa mbili asubuhi ni saa 10. Mapumziko yamepungua saa mbili, na hakuna aliyeandika popote kwamba usiku ulifanya kazi.

Sheria hiyo ilipotungwa, simu ya mkononi kwa wengi wetu ilikuwa ya kupiga na kutuma meseji. iPhone ya kwanza ilitoka 2007, WhatsApp ikaanza 2009, na mwaka 2014 zikaja zile tiki za bluu, ambazo zimemnyima mfanyakazi hata kisingizio cha kusema hakuuona ujumbe.

Wenzetu wa nchi nyingine wameanza kulishughulikia suala hili. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kuzima mawasiliano baada ya saa za kazi. Kenya, muswada wa namna hiyo ulifikishwa kwenye Seneti mwaka 2022, na waajiri wakaupinga.

Waajiri wa hapa nao watasema: ipo kazi isiyosubiri asubuhi. Ni kweli. Transfoma ikilipuka usiku, fundi lazima apigiwe. Mgonjwa akizidiwa, daktari lazima aitwe. Lakini kazi za aina hiyo zina zamu, zina jina la mtu kwenye ratiba, na zina posho. Picha ya rafu ya soda haina dharura yoyote saa nne usiku. Nayo "habari za asubuhi timu" ya Jumapili, inayofuatwa na orodha ya malengo ya wiki, ingeweza kungoja Jumatatu.

Kwa hiyo, mwajiri unayenisikiliza: kama kazi yako haiendi bila simu ya mfanyakazi, weka bando kwenye bajeti, kama unavyoweka nauli na karatasi. Andika kwenye utaratibu wa ofisi saa ya mwisho ya kutuma maagizo, na wewe uwe wa kwanza kuiheshimu. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mnapokwenda kujadili mikataba ya hali bora, msiishie kwenye mshahara na likizo. Ingizeni simu, bando na saa za ujumbe, maana huko ndiko kazi ilikohamia.

Na wewe mfanyakazi, anza kuweka kumbukumbu: ujumbe gani wa kazi uliingia saa ngapi, ulitumia muda gani kuujibu, na bando la shilingi ngapi liliishia humo kwa mwezi. Siku ya kukaa mezani kujadiliana, kumbukumbu hiyo itasema zaidi ya malalamiko.