MALKIA MPYA HUANDALIWA MAPEMA
Hotuba ya Katibu katika Sikukuu ya Miaka Kumi ya Union



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi wa Union yetu tukiwa wazima. Hesabu za asali na nta zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo ambalo huenda likawachekesha baadhi yenu, yaani michezo ya kompyuta inayohusu nyuki.

Mwezi uliopita mwana wa mwanachama mmoja alikuja ofisini na kompyuta yake, akatuonyesha mchezo uitwao Hive Time, uliotolewa mwaka 2019. Michezo ya jamii hii si mipya: mwaka 1991 kampuni ya Maxis ya Marekani ilitoa SimAnt, ambao mchezaji huongoza kundi la sisimizi. Katika Hive Time mchezaji hupanua mzinga, hupeleka nyuki kutafuta chavua, na huweka akiba ya maziwa ya nyuki. Malkia wake haishi milele. Asipoandaa mwingine kabla ya yule kufa, mzinga umekwisha.

Twakiri kwamba tulicheka. Tulimwambia kijana kuwa nyuki wa kwenye kioo hawamchomi mtu, moshi haumwingii machoni, wala hapandi mti usiku. Nyuki wetu wakikosa maji au wakisumbuliwa na siafu huhama wote, na hasara hiyo hailipwi kwa kuanza mchezo upya.

Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Wazee wangu, na malkia wa Union hii anaandaliwa wapi?"

Tulitazamana. Mezani tulikuwa watu saba, na mdogo wa wote ni katibu, naye amekwisha kupita miaka thelathini.

Neno lake lalingana na mzinga wenyewe. Yai litokalo malkia ni sawa na yai litokalo nyuki mtenda kazi. Tofauti ni malezi. Funza wa malkia hulishwa maziwa ya nyuki mpaka mwisho, naye hutoka kwa siku 16 hivi. Mtenda kazi hutoka kwa siku 21. Wakati wa maua mtenda kazi huishi wiki sita hivi tu, lakini mzinga hudumu, kwa kuwa wengine hulelewa daima.

Basi twatoa shauri. Kila mwenye mizinga na achukue kijana mmoja, wa kiume au wa kike, amfundishe kutundika mzinga, kurina bila ya kuua kundi, kuchuja asali na kuyeyusha nta. Halmashauri nayo na iwaite vijana wawili wakae mikutanoni, wajifunze daftari la mahesabu kabla sisi hatujaliacha. Michezo yao tusiidharau: imewafikisha mlangoni, na kazi ya kuwaingiza ndani ni yetu.

Kijana yule tumemwalika leo, naye ameketi nyuma kabisa. Twamwomba Bwana Mwenyekiti amwite mbele.

Udumu Ushirika!