Vikope: Tusingoje Giza Liingie

Leo tuongee juu ya vikope, yaani trakoma. Huenezwa na mikono, leso na nzi wanaotua machoni mwa watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu kwa ndani. Ukubwani, nywele zake hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Akina mama huumia zaidi, maana ndio walezi. Kuzing'oa sio dawa, zitaota tena. Nendeni kliniki ya macho mapema: upasuaji mdogo huzuia upofu, lakini haurudishi macho yaliyokwisha haribika. Watoto watibiwe kwa azithromaisini, au mafuta ya tetrasaiklini wiki 6. Nyuso zioshwe kila siku, vyoo vichimbwe. Je, kikundi chenu kitaanzia boma gani?