Homa ya Mgonjwa wa Saratani Haingoji Kuche



Nimepewa nafasi niseme juu ya wagonjwa wetu wa saratani. Kwetu Uganda dawa za maradhi haya si ngeni. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alieleza habari za uvimbe ushikao mataya ya watoto. Na mwaka 1967 pakafunguliwa Mulago kituo cha kuutibu kwa dawa, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wako watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa, nao wakapona.

Lakini yatupasa tuijue tabia ya dawa hizo. Huua chembe za mwili ziongezekazo upesi, za saratani na zisizo za saratani. Ndiyo sababu nywele hudondoka na kinywa kikafanya vidonda. Hayo aghalabu hupita. La kuogopwa zaidi ni kupungua kwa chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili. Mara nyingi hupungua mno baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa.

Basi homa ikifika digrii 38, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane. Msiseme, "Ni malaria tu, tungoje kuche." Wala msiishushe kwanza kwa vidonge, ikajificha. Mwambieni daktari mlangoni kwamba huyu yumo katika dawa za saratani, apewe upesi dawa ya kuua vijidudu. Saa chache za kukawia zaweza kuwa ndizo mauti yake. Kwa hiyo jirani mwenye gari au pikipiki na ajulikane mapema.

Kumzuru mgonjwa ni sunna. Lakini mwenye mafua au kikohozi atume salamu na dua kutoka kwake. Aingiaye na anawe mikono kwa sabuni.

Tena, dawa iitwayo saiklofosfamidi huweza kuunguza kibofu mgonjwa asiponywa maji ya kutosha. Basi Ramadhani asijitie katika hatari kwa kufunga. Sharia imemruhusu kula. Akipona atalipa, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atujaalie tusiwe sababu ya kuwachelewesha. Wassalamu alaikum.